Kasoro ya steringi wako imemgharimu nani? Namna ninavyomwandika askari mwanamke

Kila mwezi napokea skripti mbili tatu za vijana wanaotaka nizisome. Nusu yake steringi, yaani mhusika mkuu, ni mwanamke mpelelezi, na namjua kabla sijafungua ukurasa wa pili: ana koti la ngozi, anavuta sigara dirishani, anakunywa konyagi kavu, hawaamini wanaume, na usingizini anasikia risasi. Mwandishi kaambiwa mahali kwamba siku hizi steringi lazima awe na kasoro, basi kaenda kumnunulia dukani.

Siwacheki. Skripti yangu ya kwanza ya polisi ilikuwa hivyohivyo, tena dada wa watu nilimvalisha viatu vya kisigino. Mama yangu amefanya kazi ya polisi miaka 31, mingi kaunta na doria, akastaafu na usajenti. Aliitazama sehemu ya kwanza kimya, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ilipokwisha akauliza swali moja tu: "Huyu dada anaandika maelezo saa ngapi?"

Ninachoeleza hapa ndicho ninachofanya tangu siku ile. Nusu nimejifunza kwa mama, nusu kwa tamthilia moja ya Waingereza, Happy Valley, iliyoandikwa na Sally Wainwright na kurushwa BBC One. Ina misimu mitatu, 2014, 2016 na 2023, kila msimu sehemu sita. Kama hujaitazama, katazame kwanza urudi, maana nitafichua kila kitu mpaka mwisho wake.

Anza na chungu kimoja

Kabla hujaandika sini, yaani onyesho, hata moja, chukua karatasi tupu. Juu andika kitu ambacho steringi wako anakiweza kuliko watu wote kituoni. Chini andika kitu kinachomharibia maisha. Sasa vitazame vyote viwili. Kama vimetoka vyungu viwili, chana karatasi uanze upya. Kipaji na balaa lake vipikwe chungu kimoja.

Catherine Cawood, anayechezwa na Sarah Lancashire, ni sajenti katika bonde la Calder, West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Binti yake Becky alibakwa na kijana anayeitwa Tommy Lee Royce, akazaa, kisha akajiua. Kichanga kikabaki. Catherine akasema mtoto huyu haendi popote, namlea mimi. Mumewe Richard hakuweza kumtazama mtoto yule kila siku mezani, ndoa ikavunjika. Mtoto wao wa kiume, Daniel, akasusa. Tamthilia inapoanza, mjukuu Ryan ana miaka minane, na bibi yake bado analipa.

Uamuzi ule ungepigiwa makofi na kila mtu: mwanamke hakumtupa mjukuu. Lakini umemnyang'anya mume na mwana. Na ukaidi uliomshika mtoto yule ndio unaomfanya awe askari mzuri, asiyekubali kuambiwa "achana nalo". Huwezi kumtoa bibi ukamwacha askari.

Pombe ya dada yako wa koti la ngozi inagharimu ini lake mwenyewe. Mtazamaji atamwonea huruma kidogo, kisha atasahau. Kwa hiyo swali ninalomuuliza kila kijana anayeniletea skripti ni hili: kasoro hii imemgharimu nani, na huyo mtu anaitwa nani? Asiponitajia jina, tunarudi kwenye karatasi.

Mfano wa nyumbani. Mama hakuwa mtu wa kupiga wala kufoka. Kipaji chake kilikuwa kuuliza. Alikuwa anakwambia, taratibu kabisa, "Hebu rudia, kuanzia ulipofunga mlango." Mwizi wa kuku akirudia mara ya tatu, kuku amebadilika rangi. Kituo kizima kilimjua kwa hilo. Sasa na sisi tukaulizwa vivyo hivyo. Kaka yangu alikuwa akirudi saa tatu usiku anasimamishwa barazani, anaanza safari yake mwanzo, na tena, na tena, huku chakula kinapoa. Alipomaliza kidato cha nne akaenda Mwanza kwa mjomba, na miaka sita hakumpigia mama simu. Alikuwa akinipigia mimi, ananiuliza habari zake. Hiyo ndiyo kasoro ninayoizungumzia. Ina jina, ina namba ya simu.

Waandishi wa Mare of Easttown, ya HBO, 2021, walifika hapohapo kwa njia nyingine. Kate Winslet anacheza mpelelezi wa mji mdogo Pennsylvania, Marekani, anayegombania mjukuu na mama wa mtoto. Anachukua dawa za kulevya kutoka kituoni na kumwekea yule binti ili aonekane hafai kulea. Ujuzi wa kazi na mapenzi ya bibi, kitendo kimoja. Unamchukia, na bado unataka apate mtoto.

Mpe cheo kabla hujampa bunduki

Vijana wengi wanaruka moja kwa moja kwenye upelelezi wa mauaji. Catherine si mpelelezi. Anavaa sare. Kesi kubwa ikitokea, wenye suti wanakuja kuichukua, naye anabaki na milango ya kugonga, walevi wa kuokota na vijana wake wa doria. Usajenti ni mahali pazuri sana pa kumweka mtu wa tamthilia: juu yake kuna wakubwa wanaomwambia apunguze, chini yake kuna makonstebo wa miaka 23 wanaomwita afande na kumwogopa. Kila upande unamvuta.

Fanya zoezi hili. Andika zamu moja ya saa nane, saa kwa saa, bila kesi kubwa ndani yake. Nani kaja kaunta kutaka RB, namba ya taarifa ya polisi, ya simu iliyoibwa, nani anataka PF3, fomu ya majeruhi ya kwenda nayo hospitali, huku damu inamtiririka, gari lina mafuta au halina, mahabusu nani kaletewa chai na ndugu zake, yeye amekula saa ngapi. Mtu akikuambia inachosha, mwambie ndiyo. Humo ndani ya uchovu ndimo utakamookota sini zako tano bora. Mimi nilipata moja kutoka kwa mama: mwanamke aliyekuja kumshtaki mumewe kwa kumpiga, na alipoandikiwa kila kitu akaomba kalamu, akafuta jina la mume kwa mkono wake, akashukuru, akaondoka. Mama hakulala usiku ule.

Kama huna mama polisi, mtafute. Lynda La Plante alipotaka kuandika Prime Suspect, iliyotoka 1991, alikaa na Jackie Malton, mmoja wa wanawake wachache sana waliokuwa na cheo kikubwa katika upelelezi London wakati ule. Jane Tennison, aliyechezwa na Helen Mirren, akatokea hapo. Angalia jinsi anavyoipata kesi yake ya kwanza: bosi mwanamume anakufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, naye anakiomba kiti kabla hakijapoa. Mle ofisini hakuna anayemtaka. Nyumbani, mwanamume wake anachoka na kuondoka. Kwetu Afrika Mashariki, Crime and Justice ya Nairobi, 2021, ilimweka Sarah Hassan kama mpelelezi Makena, na ukiitazama utaona jinsi mji wenyewe unavyoweza kuwa kazi ya ziada kwa askari.

Historia yake aiseme anapohitaji kitu

Hapa nataka tukae, maana ndipo skripti nyingi hufia. Mwandishi anataka tujue kwamba steringi ameachika na amefiwa. Basi anaweka rafiki yake, wanakunywa juisi, rafiki anasema: "Lakini shosti, tangu binti yako afariki miaka minane iliyopita..." Nani anaongea hivyo?

Tazama Wainwright alivyofungua sehemu ya kwanza. Kijana amelewa, ameachwa na mpenzi wake, amepanda juu ya mabembea ya watoto akiwa amejimwagia petroli, kiberiti cha gesi mkononi. Catherine anaingia duka la jirani kwa haraka, anaazima mtungi wa kuzimia moto, na anachukua pia miwani ya jua: kijana akitaka kujichoma shauri yake, nyusi zake yeye zibaki. Tayari tunampenda, na bado hatujui lolote juu yake.

Kisha anasimama chini ya yale mabembea, anajitambulisha. Ana miaka 47. Ameachika. Anaishi na dada yake aliyekuwa teja wa heroini na sasa ameacha. Alizaa watoto wawili, mmoja amekufa, mwingine haongei naye. Ana mjukuu. Sentensi moja, kama mtu anayesoma risiti. Kijana anapotaka kujua kwa nini huyo mwingine haongei naye, anakwepa na kumrudisha kwenye habari zake mwenyewe.

Pima kilichotokea. Tumepewa historia yote, lakini hakutupa sisi. Kampa kijana, kwa sababu anataka ashuke. Msiba wake umekuwa kamba ya kumteremshia mtu. Na namna anavyousema, bila kutetemeka, inatuambia ameusema mara nyingi, au hajawahi kuusema kabisa. Mimi mpaka leo sina hakika ni ipi kati ya hizo mbili, na ndiyo maana naitazama tena.

Sasa zamu yako. Andika wasifu wa steringi wako kwa maneno yasiyozidi 40. Kisha mtafutie mtu ambaye steringi anamhitaji afanye jambo sasa hivi: afungue mlango, aweke chini panga, atoe saini. Mwambie auseme wasifu ule ili apate hilo. Ukikosa mtu wa kumwambia, usiseme. Mtazamaji anaweza kusubiri sehemu mbili nzima bila kujua, wala hatakufa.

Uhalifu uanzie kwenye ada

Vijana hupenda jambazi kuu lenye jumba na mbwa. Msimu wa kwanza wa Happy Valley unaanza na mhasibu. Kevin Weatherill anaingia kwa bosi wake, Nevison Gallagher, kuomba nyongeza ya mshahara ampeleke binti yake shule ya kulipia. Nyumbani mkewe anaumwa. Bosi anakataa. Kevin, kwa hasira na kujionea huruma, anaenda kwa mtu anayefanya biashara ya dawa za kulevya, Ashley Cowgill, na kumtupia wazo: mtekeni binti wa bosi. Bosi anapobadili moyo na kutaka kumsaidia, maji yameshamwagika.

Hakuna mzazi wa Kiswahili asiyemwelewa Kevin ikifika Januari, mwezi wa ada. Nilipoitazama na mama, alimtazama Kevin kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama watekaji. Akasema watu kama huyo ndio waliokuwa wakimchosha kaunta, wale wanaolia na kusema mimi si mhalifu.

Kwa hiyo anza na jambo dogo la halali ambalo mtu amelikosa, kisha mwache apige hatua moja mbaya. Moja tu. Zilizobaki zitakuja zenyewe.

Nguvu za steringi ziue mtu

Jina la sehemu hii ni kali, lakini fuatana nami. Chini ya Catherine kuna konstebo mchanga, Kirsten McAskill. Catherine anamkaripia kwa kuacha mtu amtishe barabarani: usikubali kuonewa na mtu yeyote. Ni ushauri mzuri, wa mama kabisa. Muda si mrefu Kirsten yuko peke yake, anasimamisha gari, na safari hii hakubali kutishwa. Ndani ya gari kuna Tommy Lee Royce. Anamuua.

Hakuna anayehitaji kusema kwamba Catherine anajiona ndiye aliyemuua. Mwandishi alilipanda lile karipio mapema, akanyamaza, akaliacha liote. Katika skripti yako tafuta kitu kizuri ambacho steringi amefundisha au ameahidi, ukitumie kumuumiza. Ukitumia kosa lake, mtazamaji atasema alijitakia. Ukitumia wema wake, atakaa kimya.

Na akipigwa, abaki amepigwa. Catherine anampata yule binti aliyetekwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, na Tommy anamkuta humo. Kipigo kile kilizua malalamiko Uingereza kwamba kimezidi. Mimi nakitetea kwa sababu ya kinachofuata: uso unabaki umevimba, anarudi nyumbani, anagombana na dada yake, hawezi kazi. Steringi wa Kibongo anapigwa chupa ya kichwa dakika ya kumi, dakika ya kumi na tano yuko harusini na kilemba. Hesabu siku. Jeraha la Jumatatu liwepo Alhamisi.

Lakini ubakaji wa Becky hauonyeshwi. Tunaona mama yake tu, miaka baadaye. Usiandike sini ya kubakwa kwa sababu unadhani hadithi inaihitaji. Andika anayefua shuka baadaye.

Mpe mtu wa kumpikia chai

Dada yake Catherine, Clare, anayechezwa na Siobhan Finneran, ndiye nusu ya tamthilia. Wanakaa nyuma ya nyumba, vikombe vya chai mkononi, sigara, wanaongea. Clare alikuwa teja, na ndiye anayelea nyumba. Kwa hiyo msimu wa tatu, Catherine anapogundua kwamba Clare amekuwa akimpeleka Ryan gerezani Sheffield kumwona baba yake kwa siri, pale mezani kwenye mgahawa hakuna bastola wala mtu anayekimbia, na ndiyo sini iliyonifanya nisimamishe nikatembee uani kidogo. Ilihitaji miaka ya chai kabla yake. Hakuna njia ya mkato: kama unataka usaliti uume, andika kwanza sini sita ambazo hawa wawili hawafanyi lolote la maana.

Watengenezaji waliutumia muda wenyewe kama mwandishi. Kati ya msimu wa pili na wa tatu walisubiri miaka saba, ili Rhys Connah, mtoto anayemcheza Ryan, akue kweli na afike umri wa kutaka kumjua baba. Wewe na mimi hatupewi miaka saba na mtu. Ila unaweza kusubiri sehemu tatu.

Adui naye ana mtoto

Tommy Lee Royce si jini. James Norton anamcheza kama mtu anayeamini kwa moyo wote kwamba ameonewa, kwamba mtoto ni wake na bibi ni mwizi. Akiongea peke yake dakika mbili, unaanza kuyumba, kisha unajikumbusha alichofanya. Muandikie adui wako kurasa tatu za kujitetea mahakamani, kwa nafsi yake, na usimruhusu adanganye hata mara moja. Hutazitumia. Zitabadilisha kila anachosema.

Mwisho wake ni jikoni kwa Catherine. Ameingia nyumbani, ameumia, amejimwagia petroli, na kabla Catherine hajafika amefungua albamu ya picha na kuona mwanawe alivyolelewa: pwani, siku za kuzaliwa, kofia za karatasi. Anamwambia Catherine kwamba anamsamehe. Unakumbuka kijana wa kwenye mabembea? Petroli ileile, mwanamke yuleyule, akiongea na mwanamume anayetaka kujichoma, ila huyu ni yule ambaye kwa miaka yote ametamani afe. Basi nakuomba, ukishamaliza skripti nzima, rudi kwenye sini yako ya kwanza utafute kitu cha kushikika, si wazo: kiberiti, ndoo, ufunguo. Kipeleke mwisho. Kikifika huko kizito kuliko kilivyoondoka, umepata.

Kabla hujamtumia mtu

Isome kwa sauti mbele ya mtu asiyejali hisia zako. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo shika saa: ukiona umesoma dakika nne na watu bado wanasalimiana, kata. Kila mhusika anaposema "nitakutafuta", ujue hujui sini inakwenda wapi. Vyeo hakikisha, watazamaji wenye ndugu polisi ni wengi kuliko unavyofikiri na watakuandama.

Mimi namsomea mama. Wiki iliyopita nilimpelekea sehemu ya pili ya kitu kipya, koplo mwenye mtoto wa miaka mitano, ameitwa usiku wa manane kwenye maiti mtoni. Nilijivunia sana ule mto. Nilisoma mpaka mwisho. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Saa nane usiku," akasema. "Hebu rudia, kuanzia alipofunga mlango. Mtoto kamwachia nani?"